Zamu ya Juu

Kila siku baada ya masomo, Mkia alipita nyumbani, akavua sare na kunawa uso, kisha akachukua chakula cha mjomba wake. Bibi alikuwa amekwisha kukitia kwenye bakuli lenye mfuniko na kulizungushia kitambaa ili kisipoe. Halafu wote wawili walishika njia ya kwenda kwenye kinu cha zamani cha pamba. Bibi aliweka mkono wake begani kwa mjukuu wake. Hakuwa dhaifu; ndivyo tu walivyozoea kutembea.

Jina la Mkia alipewa akiwa mdogo, kwa kuwa kila Bibi alipokwenda, yeye alikuwa nyuma yake. Sasa alikuwa darasa la sita, lakini jina halikubanduka. Alikuwa msichana wa maneno machache. Mwalimu alipomuuliza swali, jibu alikuwa nalo, ila lilikwama mahali fulani kati ya kifua na meno.

Njiani, Bibi ndiye aliyezungumza.

"Hapa malori yalipanga foleni, yamejaa pamba mpaka juu. Na pale kwenye kona alikaa muuza chai. Chai yake ilikuwa lazima uipulize kwanza."

"Kwa sababu ilikuwa moto?"

"Kwa sababu ilikuwa na pamba juu! Pamba iliruka kila mahali, mjukuu wangu. Kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye mishono ya nguo. Nikirudi jioni babu yako ananitazama mlangoni anasema, 'Asubuhi nilimuaga msichana, mbona amerudi bibi kizee?'"

Mkia alikuwa amesikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka kana kwamba ni mpya. Bibi alikuwa mshonaji wa marobota. Pamba iliposhindiliwa na kufungwa kwenye magunia, yeye na wenzake waliyashona kwa sindano ndefu zilizopinda. Kinu kilifungwa mama yake Mkia akiwa bado mtoto. Mashine zilichukuliwa, mabati yakashika kutu, majani yakaota mpaka mlangoni.

Lakini mwaka huu watu wa mtaa walikubaliana kukiokoa. Hawakutaka kibomolewe. Walitaka kiwe nyumba ya kumbukumbu, mahali ambapo watoto wangejifunza kazi waliyofanya wazee wao. Wenye nguvu walifyeka na kubeba mchanga. Mjomba, ambaye alikuwa fundi mwashi, alijitolea kuzitengeneza kuta. Wengine walileta vitu vya zamani vya kuwekwa mezani: taa ya mlinzi, ndoano ya mizani, viatu vya kazini vilivyoisha visigino. Kinyozi wa mtaa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alileta king'ora cha kuzungushwa kwa mkono, kile kilichokuwa kikiita watu kazini. Alikisugua mpaka kikang'aa, na hakuruhusu mtu yeyote akiguse mpaka siku ya ufunguzi.

Bibi peke yake ndiye ambaye hakuwa na kitu.

"Sindano zilibaki kwa wenye kinu," alisema. "Na aproni yangu nilimchania mama yako nepi. Ningejua kuna siku itaulizwa, ningemwacha mtoto alowe."

Alisema hivyo kwa utani, lakini Mkia aliona jinsi alivyoitazama meza ile kwa muda mrefu.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijabadilika pale kinuni, nacho ni mbayuwayu. Waliishi kwenye matundu ya ukuta, chini kidogo ya paa. Walikuwa weusi, wenye mabawa yaliyopinda kama mundu, na waliruka kwa kasi kiasi kwamba jicho liliwafuata likachoka. Bibi na wenzake waliwaita "zamu ya juu".

"King'ora cha jioni kikilia, wao ndio wa kwanza kutoka," Bibi alieleza. "Wanachomoka wote kwa mkupuo! Sisi huku chini tunasema, ona, zamu ya juu imetoka kabla yetu na wala hakuna msimamizi wa kuwafokea."

Jumanne moja walimkuta Mjomba amesimama uani, mikono kiunoni, akiutazama ukuta wa mbele. Uso wake ulikuwa na vumbi la saruji na tabasamu.

"Mama, umeuona? Pitisha mkono uone kama utakwaruzwa."

Ukuta ulikuwa laini kama ganda la yai. Nyufa zilikuwa zimekwisha, na kutu iliyochuruzika kutoka kwenye mabati haikuonekana tena. Chini ya paa, palipokuwa na matundu, palikuwa na plasta mbichi iliyonyooka.

"Mikono yako imebarikiwa, mwanangu," Bibi alisema.

Mkia alitazama juu. Mbayuwayu mmoja alikuja kwa kasi, akafika ukutani, akaparura plasta kwa kucha, akateleza. Akazunguka, akarudi. Wa pili alifanya vilevile, na wa tatu. Mdomoni walikuwa na kitu.

"Mjomba," Mkia alisema polepole, "wale ndege..."

"Watahamia pengine, Mkia. Walikuwa wakituchafulia mlango." Mjomba akafungua bakuli. "Enhe, leo tumepikiwa nini?"

Mkia alitaka kusema zaidi, lakini Mjomba alikuwa ameketi kwa furaha, akila na kuutazama ukuta wake. Maneno yakakwama palepale yalipozoea kukwama.

Usiku hakumaliza chakula. Kesho yake shuleni alimweleza rafiki yake, ambaye darasa zima lilimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Mdomoni walikuwa na wadudu," Mkia alisema. "Ndege habebi mdudu bure. Kuna makinda ndani ya ukuta."

"Sasa si umwambie mjomba wako!"

"Mwambie wewe. Wewe unajua kusema."

Redio alitikisa kichwa. "Mimi nasema kutwa nzima, hakuna anayenisikiliza. Hata mama yangu ananiitikia huku amelala. Lakini wewe ukisema, watu watashtuka. Watajua kuna jambo."

Baada ya masomo walikimbia pamoja mpaka kinuni. Ndani, ngazi ya mbao ilipanda mpaka darini, ambako zamani yaliwekwa magunia matupu. Mkia alipanda, akatambaa mpaka kwenye ukuta wa mbele, akabandika sikio. Mwanzoni alisikia moyo wake tu. Kisha akasikia sauti nyembamba, kama ya kitambaa kikichanwa kidogokidogo, mahali hapa, na mahali pale, na kule mbele.

Aliposhuka, kamati yote ilikuwa uani. Kinyozi alikuwa akigawa kazi za Jumamosi, siku ambayo wageni wangekuja. Bibi, aliyekuja peke yake siku hiyo, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bakuli la chakula magotini. Mkia alisimama pembeni.

"Kuna makinda ndani ya ukuta," alisema.

"Nani ameongea?" Kinyozi aliuliza, akigeuka huku na huku.

"Mkia!" Redio alidakia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Watu wakaangua kicheko. "Loo! Leo mkia umetangulia kichwa!" mmoja alisema.

Mkia alisubiri mpaka wakanyamaza. "Mjomba ameziba matundu, lakini makinda yalikuwa ndani. Mama zao wanashindwa kuwalisha. Tangu jana. Watakufa."

"Binti yangu," Kinyozi alisema, sasa bila kucheka, "plasta hata haijakauka. Tuutoboe tena ukuta kwa sababu ya ndege? Wageni wakifika tuwaoneshe mashimo? Tumekuja hapa kuhifadhi mambo ya wazee wetu, si kufuga."

Baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Lakini Mkia hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimtazama Mjomba. Tabasamu la jana lilikuwa limeondoka usoni mwake.

"Umeniona nikiifanya kazi hii, Mkia," Mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Umeniletea chakula kila siku. Umeona nilivyohangaika nayo."

Machozi yalimtoka Mkia, lakini hakurudi nyuma. "Nimeona, mjomba. Ni nzuri sana. Lakini wako ndani."

Mjomba aliweka mwiko chini, akaingia kinuni, wakasikia ngazi ikilia kwa uzito wake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alichukua nyundo na tindo, akapanda jukwaa la miti, akaanza kuivunja kazi yake mwenyewe.

Vipande vya plasta vilianguka. Tundu la kwanza likafunguka, Mjomba akaingiza mkono, akatoa bonge la manyoya na vumbi, kiota cha zamani. Hakikuwa na kitu. Kikamponyoka na kuanguka chini.

"Si mnaona?" Kinyozi alifyonya. "Kazi yote ile, kumbe takataka."

Mkia alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Mjomba alikuwa amekwisha kusogea kwenye tundu la pili. Aligonga taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Plasta ilipodondoka, wote waliosimama chini waliisikia ile sauti nyembamba. Kabla Mjomba hajaondoa mkono, kitu cheusi kilipita karibu na sikio lake, fyuu, nusura kimvue kofia, kikazama ndani ya tundu. Sauti za makinda zikapanda kwa fujo.

"He! Huyu hakusubiri hata nimalize!" Mjomba alisema, na safari hii watu walicheka kwa furaha. Akaendelea, tundu baada ya tundu, mpaka yote yakawa wazi.

"Mkia wangu," Bibi aliita. "Niletee hiyo takataka ya mwenyekiti."

Mkia aliokota kile kiota cha zamani na kukiweka kiganjani mwa Bibi. Vidole vya Bibi vilianza kukifumua kwa uangalifu, kama mtu anayefumua mshono. Juu palikuwa na manyoya na vipande vya uzi wa plastiki. Chini yake manyoya mengine, yaliyokwisha kufifia na kugandamana. Kila tabaka lilikuwa gumu kuliko lililotangulia. Chini kabisa palikuwa na kitu cha kijivu, kigumu kama gundi iliyokauka. Bibi alikilowesha kwa mate, akakisugua, akavuta taratibu. Ukatoka uzi mrefu mweupe.

Bibi aliuvuta tena, akauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Bibi, ni nini?"

"Ni pamba yetu," Bibi alisema. "Hii ni ya hapa hapa. Ilikuwa ikiruka hewani na hawa wakiidaka. Ndege hawa hawabadilishi nyumba, Mkia. Mwaka hadi mwaka wanarudi kwenye tundu lilelile, wanaongeza juu ya kile walichokikuta."

Watu wakamzunguka. Kinyozi alipiga magoti mbele ya ile ndoo, akaomba aushike uzi ule. Aliutazama kwa muda.

"Baba yangu alikuwa akirudi na hii kwenye nyusi," alisema. "Nilikuwa nampangusa mlangoni kabla hajaingia. Nilisahau kabisa." Akamgeukia Mkia. "Nisamehe, binti yangu. Nilitaka kuifukuza zamu nzima."

Siku zilizobaki Mjomba alizitumia kulainisha kingo za matundu, moja moja, mpaka yakaonekana kama madirisha madogo. Chini ya yale yaliyokuwa juu ya mlango alifunga ubao wa kukinga uchafu. Alimpa Mkia kazi ya kumshikia ngazi.

"Ulikasirika, mjomba?" Mkia aliuliza.

"Niliumia kidogo." Alipuliza vumbi kwenye ubao. "Lakini ningeumia zaidi kama ukuta ungekuwa mzuri nje na kaburi ndani. Siku nyingine usilale na jambo kama hilo kifuani. Niambie mapema, plasta ikiwa mbichi."

Jumamosi wageni walifika: wazee waliowahi kufanya kazi pale na wanafunzi wa shule za jirani. Mezani, katikati ya taa ya mlinzi na ndoano ya mizani, palikuwa na bakuli la kioo. Ndani yake palikuwa na kile kiota, na uzi mweupe umening'inia ukingoni. Hicho kilikuwa kitu cha Bibi. Alisimama kando yake, na watoto walipouliza, aliwaeleza.

"Tulidhani sisi tu ndio tunaotunza kumbukumbu ya mahali hapa," aliwaambia. "Kumbe tuna wenzetu waliokuwa wakiitunza siku zote, bila kikao wala mwenyekiti. Mkitaka kuokoa nyumba ya zamani, kwanza tazameni ni nani bado anaishi ndani yake. Na mkiona mpendwa wenu anakosea, msinyamaze eti kwa sababu mnampenda. Mwambieni kwa heshima, hata kama sauti ni ndogo. Mjukuu wangu huyu sauti yake ni ndogo, na imetutosha mtaa mzima."

Mkia aliinamisha kichwa. Redio alimpiga kiwiko. "Si nilikwambia watashtuka?"

Jua lilipoanza kushuka, Kinyozi alikileta king'ora chake uani. "Mara moja tu," Mjomba alimwonya, "na kwa upole." Kinyozi alizungusha mkono wa chuma. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikajaa uani, ikapita juu ya mabati. Wazee waliacha kuzungumza.

Kutoka chini ya paa, mbayuwayu walichomoka wote kwa mkupuo, wakapinda juu ya vichwa vya watu na kutawanyika angani.

"Zamu ya juu imetoka," Bibi alisema.

Kisha, bila kujua kwamba anafanya hivyo, alinyanyua mkono na kujipangusa nywele, halafu mabega, kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani. Aliuweka mkono ule begani kwa Mkia, wakaondoka.