Tango Kwenye Simu ya Raili

Alhamisi jioni ni zamu ya wanawake kwenye sauna ya jengo letu, hapa Tampere, Finland. Tunavua nguo, tunaacha simu zetu kwenye benchi nje ya mlango, kisha tunaingia kwenye joto. Tunamwaga maji kwenye mawe ya moto, na umbea unaanza.

Zamani simu ikilia, tulikuwa tunatoka mbio sote. Simu zetu zote zilikuwa na mlio mmoja, ule ule wa dukani. Hakuna aliyeubadilisha. Watu wa huku hatupendi kugeuziwa shingo na kutazamwa.

Jirani yangu Raili alikimbia kuliko wote. Binti yake, Henna, alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Mumewe Henna ni baharia, alikuwa safarini. Raili alikuwa ameahidi kwamba uchungu ukianza, yeye atampeleka hospitali kwa gari lake.

Alhamisi moja simu zililia tena na tena. Kila mara Raili alitoka mbio, na kila mara haikuwa yake. Mwishowe, simu ilipolia tena, akagoma.

"Kimbieni nyinyi! Mimi nimechoka kuanika makalio bure."

Tulicheka, tukabaki ndani. Tulipotoka, Raili akatazama simu yake. Henna alikuwa amepiga! Akampigia papo hapo.

"Mama, nilitaka tu kukuuliza kuhusu kitanda cha mtoto," Henna alisema.

"Je, kama ungekuwa uchungu?" Raili akaangua kilio, taulo kifuani.

Mwenzetu Marjukka hufanya kazi maktaba. Huko huwafundisha watu kutumia simu.

"Usilie, shoga," alisema. "Mpe Henna mlio wake peke yake. Una wimbo wowote?"

"Nina wimbo wa tango, ile dansi ya wawili wawili. Diski yake niliinunua kwenye dansi ya ziwani."

"Safi, huo ni wako. Zile nyimbo za mtandaoni tunazolipia kila mwezi ni za kukodi tu. Hazikubali kukatwa ziwe mlio."

"Lakini kila mtu atasikia!"

"Si ndicho tunachotaka?"

Kesho yake tulikutana kwa Raili, tukanywa kahawa kwa mikate ya mdalasini. Marjukka alitia diski kwenye kompyuta, akanakili wimbo, akauhamishia kwenye simu kwa waya. Kisha akafungua programu ya kukata nyimbo.

"Chagua kipande kifupi," alisema.

"Mwanzoni kabisa," Raili alijibu. "Wimbo haudakwi katikati, ni utovu wa adabu!"

Marjukka akakihifadhi kipande kile kama mlio. Akafungua jina la Henna kwenye simu, akauchagua mlio huo. Tukaiacha simu bafuni, tukafunga mlango. Henna, kama tulivyomwomba, akapiga kutoka kwake. Kimya! Kumbe tango lile huanza kwa kinanda cha kodiani kinachonong'ona.

"Haya, bibi mwenye adabu," nilimtania. "Umesikia nini?"

Raili akacheka mpaka akashika mbavu. Safari hii alikata kipande mwenyewe, pale mwimbaji anapopaza sauti. Akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Henna alipopiga tena, tuliruka vitini!

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tumekaa kwenye joto, tunatoka jasho. Ghafla tango likalipuka nje ya mlango.

"Huyo ni Henna wangu!" Raili alipiga kelele. Hatukuwahi hata kumpisha.

"Mama, njoo! Ndiyo sasa!"

"Nakuja, mwanangu! Nakuja!"

Alivaa sweta ndani nje, akatoka mbio na nywele zinachuruzika. Sisi tulimshangilia kama mchezaji aliyefunga bao. Alifika kwa Henna mapema, akamfikisha hospitali salama, na usiku ule akampakata mjukuu wa kike.

Siku hizi kila simu kwenye benchi letu ina wimbo wake. Tango likilia, hakuna anayeinuka ila Raili. Anapokea, kisha anatufungulia mlango kidogo. Sote tunanyamaza, tumsikie mtoto akilia.