Macho ya Gari la Eddie

Jioni ile ya Novemba nilitoka kwenda nyuma ya nyumba yetu, Edmonton, nikiwa na tochi na swali moja: je, taa za mbele za gari la marehemu mume wangu ziliharibika, au yeye mwenyewe hakuziwasha?

Eddie aligongwa ubavuni na lori akiendesha gizani bila taa. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ilishindwa kuamua sababu, na gari likarudishwa kwetu. Mimi nimesomea sheria. Najua umbali uliopo kati ya ajali na kukusudia. Najua pia kwamba majuma yake ya mwisho Eddie alikuwa akiketi jikoni gizani, na nikiwasha taa aliniomba niizime.

"Shemeji, hii gari ilinichukia tangu zamani," alisema Praful, rafiki yake wa mtaa wa Queensbury, mzaliwa wa Kisumu, mwenye gari kuukuu la aina hiyohiyo. "Eddie akiniachia usukani, inazima."

"Basi ibembeleze."

Zilikuwa taa za kuibuka: zikizimwa hulala chini ya vifuniko, zikiwashwa vifuniko huinuka kama kope. Praful alifunga betri mpya. Akakagua fyuzi, rilei, nyaya, mota. Akajaribu kuziinua taa kwa mkono. Zilikwama.

"Kila kitu kizima," alisema. "Na bado hazifunguki."

Nililipima neno hilo. Kukwama kwake leo hakuthibitishi kwamba zilikwama siku ile; huenda kishindo cha lori ndicho kilichozifunga. Na kama mitambo ilikuwa mizima, hoja iliyobaki sikutaka kuitamka.

"Mama yake anasemaje?" Praful aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama mkwe, Serah, alikuwa amenipigia simu kutoka Wundanyi, tulikomzika Eddie. Katika ukoo wao, mwenye boma akifa, ng'ombe wake huambiwa habari hiyo; hata jembe lake huambiwa. Sisi tuliwaambia wa kanisani na wa kazini. Gari tulilisahau.

"Anasema linamngoja."

"Si uliambie, basi?"

"Ni imani tu, Praful."

"Sawa, wakili. Lakini nani atakushtaki?"

Akaichomoa betri, akaibeba ili turudi ndani. Nami nikainama mbele ya gari. Palikuwa na harufu ya petroli iliyolala... na ya mafuta ya nywele aliyopaka Eddie.

Nikanong'ona, "Eddie amefariki."



Kisha vifuniko vikainuka. Polepole. Vyote viwili.

Betri ilikuwa mikononi mwa Praful.

Taa hazikuwaka. Zilikuwa wazi tu, zikitutazama.

"Shemeji... twende ndani."

Sikwenda. Swali langu lilikuwa halijajibiwa.

"Alijaribu kuwasha?" nikauliza.

Tak.

Sauti ilitoka ndani ya gari.

Tak. Tak-tak.

Niliitambua. Ilikuwa ya kitufe cha taa, karibu na usukani, kikibonyezwa na kuachiwa... kisha haraka zaidi, na haraka zaidi, kama anayeona kitu kinamjia kutoka pembeni.

Praful husema vifuniko vilishikwa na springi iliyochoka, ikaachia. Hoja hiyo naikubali. Kitufe hakukisikia, kwa sababu alikuwa ameshakimbilia jikoni.

Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea, haufunguki. Niliingia kwa mlango wa abiria, nikanyoosha mkono gizani, nikakifunika kitufe kwa kiganja.

Kiliendelea kubonyea.

Kati ya kiganja changu na kitufe palikuwa na baridi, nyembamba, ya ukubwa wa kidole.

Alitaka kuona njia. Alitaka kurudi nyumbani. Nililia kwa shukrani, nikamwambia aache sasa, lori limeshapita, tumeshamzika.

Hakuacha.