Sifuri ya Kisima cha Saba

"Nisomee tena kisima cha saba."

Mpima maji alihamishia simu sikio la pili. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya maabara yake, chumba kimoja nyuma ya zahanati, na jua la asubuhi lilikuwa limeshafika kwenye chupa za sampuli.

"Sifuri," alisema.

"Vijidudu sifuri?"

"Sifuri, Profesa. Masikio yamekuwaje leo?"

Mchumba wake hakucheka, na siku zote akiitwa hivyo na mtu huyu alicheka. Alikuwa msomi wa siasa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi magonjwa na mazingira yanavyogeuka kuwa hatari kwa usalama wa taifa. Majirani waliposikia anaitwa daktari, kwa shahada yake, walimpelekea homa zao, naye akawaambia yeye hutibu serikali tu, na mgonjwa wake hapendi kumeza dawa.

Safari hii mgonjwa alimeza. Mto wa bondeni ulikauka, watu wakarudi kwenye visima vya zamani, kipindupindu kikawafuata huko huko. Wengine walikimbia nacho, wengine wakakatana mapanga kwenye visima vilivyobaki safi. Msomi akaandika ripoti: barabara ya kutoka bondeni ifungwe mpaka visima vyote kumi na viwili vitoe majibu safi wiki tatu mfululizo. Serikali ikatekeleza neno kwa neno. Takwimu alizotumia alitumiwa na mchumba wake, na mchumba wake alikuwa ndani ya bonde hilo.

Leo ilikuwa siku ya sabini na moja tangu barabara ifungwe. Tarehe ya harusi yao ilishapita. Siku hiyo mpima maji alipiga pasi shati, akalivaa, akaenda kuchota sampuli. Alimtamani yule mwanamke mpaka kwenye vitu vidogo: anavyoongea na penseli mdomoni, anavyosema ameshiba huku mkono wake umo kwenye sahani ya mwenzake.

"Na klorini ya kisima hicho?" sauti iliuliza.

Akaitazama karatasi aliyokwisha kumtumia.

"Umeandika sifuri pia," alisema msomi. "Kisima hakina dawa ya kuua vijidudu hata chembe, kiko kando ya zizi, halafu kimejisafisha chenyewe? Umedanganya safu moja, ukaisahau ya pili."

"Vilikuwa vidoa vinne tu vya vijidudu kwenye kipimo," alisema mpima maji.

"Watu wangapi wanachota pale?"

"Unajua."

"Nataka useme wewe."

"Mia tatu na kitu."

Kiburi kikampanda mpima maji.

"Nimechoka kukupenda kwa simu. Nakusikia ukivuta pumzi, mara mtandao unakunyakua. Wewe uko huko na kamati yako. Mimi huku muuguzi ananiita shemeji wa kufuli, eti mchumba wangu ndiye aliyetufungia, na zahanati nzima inacheka."

"Unadhani mimi sihesabu siku? Naingia kwenye kamati baada ya saa moja. Nikiisoma sifuri yako, wiki ya tatu imetimia, kesho barabara inafunguliwa, keshokutwa uko mlangoni kwangu. Nimeitazama tangu jana kama mjinga. Nimeitazama mno, ndiyo maana nikaiona safu ya pili."

"Basi isome," alisema, kwa sauti aliyoichukia mwenyewe.

Simu ikakatwa.

Alikaa kidogo juu ya ndoo. Halafu akabeba kamba na ubao, akamwomba muuguzi amsindikize, na njiani akamweleza yote. Muuguzi, mwanamke asiyemwachia mtu bila utani, safari hii alimpokea kamba tu, akaongeza mwendo. Kisimani wanawake walikuwa kwenye foleni. Aliwaambia maji si salama, na kwamba jana aliandika uongo kwa sababu alitaka kutoka bondeni.

Mmoja wao alimwaga ndoo yake taratibu, bila kumtolea macho.

"Na tuliyokwisha kunywa, baba?"

Alikifunika kisima kwa ubao, akaufunga kwa kamba. Mchana ujumbe wa mchumba wake ukaingia:

"Nimewaambia kila kitu. Wiki tatu zinaanza upya. Hawaamini tena takwimu zako, wanaleta mkaguzi."

Akajibu: "Wana haki. Nimekifunga. Nisamehe."

Siku nne simu haikulia. Aliwapitia watu wa kisima cha saba nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaharisha, na kila mlango uliojibu "hakuna" ulimrudishia pumzi kidogo. Usiku alilala na simu kifuani. Ilikuwa baridi kama sarafu.

Siku ya tano afande wa kizuizi cha barabarani alimwita: mkaguzi amefika. Alikwenda na daftari kwapani, amejiandaa kutukanwa na mzee mwenye miwani.

Upande wa pili wa kizuizi alisimama mwanamke na mkoba mkubwa, akibishana na afande.

"Dada, nielewe. Kuingia unaingia. Kutoka hutoki mpaka pafunguliwe."

"Najua, afande. Sheria hiyo niliiandika mimi."

Mpima maji alisahau salamu zote.

"Wamekutuma wewe?"

"Alitakiwa mtu wa kuja kukaa humu mpaka visima viwe safi. Wote wakaangalia viatu vyao. Nikanyoosha mkono."

"Kwa ajili yangu?"

"Nimekuja kukukagua. Na bado nina hasira na wewe, usinitabasamie." Akainama, akapita chini ya chuma cha kizuizi. Alipoinuka walikuwa wamekaribiana kuliko walivyotarajia, na sauti yake ikashuka. "Umekonda."

"Na wewe."

"Kisima cha saba kiko wapi?"

"Kule, nyuma ya zizi. Nipe mkoba."

Akamnyima. Hatua kumi mbele akamwachia mshikio mmoja, wa pili akaubakiza. Mkoba ulikuwa mzito na kisima kilikuwa mbali, lakini hakuna aliyetaka kubadilisha mkono.