Mistari Iliyofutwa

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kumpa bibi chai yake, Kimya alijifungia chumbani na kuwasha kompyuta aliyoachiwa na mama. Mama alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali. Nyumbani walibaki wawili: bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, na binti huyo ambaye wenzake shuleni walimpa jina hilo kwa uchache wa maneno. Kuuona uso wa mama ndiko kulikomvusha wiki nzima.

Jumamosi moja programu ya kumpigia mama simu ya video ilikataa kufunguka. Ilitaka toleo jipya. Kimya akajaribu kulisakinisha, likagoma. Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na mtu asiyemjua alikuwa ameandika mtandaoni kwamba dawa ni kurekebisha faili la mipangilio ya mtandao. Akalifungua, akafuta mistari aliyoiona haina kazi, akahifadhi bila kuweka nakala. Alipoizima kompyuta na kuiwasha tena, mtandao ulikuwa umepotea kabisa.

Jioni simu ndogo ya bibi ikalia.

"Mama yako huyu!" bibi alipaza sauti.

Kimya alirudi nyuma. Angeanzaje kusema ameharibu kitu ambacho mama alikinunua kwa jasho lake? "Mwambie nina kazi nyingi za shule, bibi."

"Kazi gani, nawe umeshinda ukiukodolea macho ukuta?" bibi alinung'unika, lakini akafikisha ujumbe.

Uongo ukazaa uongo. Kesho yake alisingizia kuumwa kichwa, siku iliyofuata, usingizi. Shuleni wakati wa mapumziko alikaa peke yake, akiwasikia wenzake wakilalamika jinsi mama zao walivyowagombeza. Hata kugombezwa alikutamani.

Mwishowe akaipeleka kompyuta kwa mwalimu wa somo la kompyuta.

"Imekuwaje?"

"Imejiharibu yenyewe, mwalimu."

Mwalimu akatazama skrini, kisha akamtazama yeye. "Kompyuta haina mikono, mwanangu, haijiharibu. Sitafuti mtu wa kumwadhibu, natafuta kilichopotea. Mficha kidonda hapati dawa."

Machozi yakamlengalenga. Akaeleza yote, na kwa kuwa alilitaja faili lenyewe, mwalimu alijua pa kuanzia. Hata hivyo hakugusa kibodi. Alimwambia Kimya aweke nakala kwanza, kisha aandike upya mistari aliyoifuta, huku yeye akimtajia mmoja mmoja.

"Angalia nafasi mwanzoni mwa mstari. Hapo hata nafasi moja ina maana."

Kimya alikosea, akarudia. Mtandao ukarudi. Akaandika amri ya kusakinisha programu, maandishi yakateremka kwenye skrini kama mvua, na safari hii hayakukwama.

Alipofika nyumbani alimpigia mama. Uso wake ukatokea, umechoka; bado alikuwa amevaa sare ya kazini.

"Mama, niliharibu kompyuta. Nikaogopa. Sikuwa na kazi za shule, wala sikuumwa."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. "Kumbe! Mimi nilidhani umenikasirikia kwa kukuacha. Kila nikitoka zamu nakaa kitandani na simu mkononi, najiuliza nimekukosea nini."

Kimya hakuwahi kufikiri kwamba huko mbali nako kulikuwa na mtu mpweke.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kompyuta ikiharibika hutengenezwa, mwanangu. Lakini ukinificha, tunabaki wapweke sote wawili, wewe huko na mimi huku. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama utalia."