Neno Lililofungua Ghala

Maiti ilikuwa imekaa. Mgongo umeegemea mlango wa ghala la chakula la Kilwa Masoko, miguu imenyooshwa mbele, na mapajani kuna gunia tupu lililokunjwa vizuri kama shuka. Mtunza ghala, Mzee Tawakali, alipofika asubuhi alidhani ni mtu aliyewahi foleni. Alimsalimia. Alipoona kimya akamgusa bega, ndipo alipojua.

Inspekta Likwata alichuchumaa mbele ya marehemu. Hakuona jeraha wala damu. Nyayo zilikuwa zimepasuka, na vumbi jekundu la bara lilikuwa limeganda hadi magotini.

"Unamfahamu?"

"Anaitwa Huseni, afande," Tawakali alijibu. "Balozi wa nyumba kumi kule Namtende."

"Amefuata nini?"

"Chakula. Ni mwaka huu wa njaa, mwingine atafuata nini hapa?"

"Namtende si walipangiwa lori?"

Tawakali alitazama chini. "Walipangiwa. Nililipakia mwenyewe. Halafu ofisi ya chakula ikapiga simu, ikasema lori liende Nangulu. Likaenda Nangulu."

Daktari wa wilaya alifanya uchunguzi wa maiti na hakuchukua muda. "Huyu hakuuawa kwa mkono wa mtu," alisema akinawa. "Ni njaa, na mwendo wa kutoka Namtende kwa miguu."

Likwata alivaa kofia yake akatoka. Mkono wa mtu, alijiambia, umo mahali fulani.

Ofisa wa chakula wa wilaya, Ndugu Laurenti, alikuwa mwembamba, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kola. Aliposikia habari ya simu alisimama wima.

"Mimi sikubadilisha lori. Nangulu hawamo katika mgawo. Walikataa kuhamia kijiji cha ujamaa, wakaondolewa. Kila mtu anajua hivyo."

"Basi nani kampigia simu Tawakali?"

"Haiwezekani. Kuna neno la siri."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wake ulivyopata rangi. Serikali ilikuwa imempeleka kozi ng'ambo. Huko aliona mashine iitwayo kompyuta, kubwa kama kabati la nguo, inayotunza hesabu za kiwanda kizima. "Mashine ile haijali kama wewe ni waziri au mwizi, Ndugu Inspekta. Inakuuliza neno. Ukiwa nalo inafunguka, kama huna, utakesha hapo. Nikasema, hii ndiyo dawa ya ghala letu. Kila Jumatatu nakwenda mwenyewe kwa Tawakali, namnong'oneza neno jipya. Anayepiga simu bila neno hapati hata punje. Tawakali nimemwambia: usiangalie mtu, angalia neno."

"Na hizo mashine za ng'ambo haziibiwi?"

Laurenti alitabasamu kidogo. "Kama mfumo umepangwa vizuri, huibiwi."

"Neno la wiki hii ni lipi?"

Tabasamu likaondoka. Laurenti alipanga upya kalamu zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Valeria," alisema.

"Na aliyepiga simu alilitaja. Tawakali anasema alikuwa mwanamke."

Likwata aliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Laurenti, akalichukulia kuwa ni la mtu ambaye kazi yake imeharibiwa mbele ya macho yake.

Simu zote za Masoko zilipita katika mikono ya mtu mmoja. Martina aliketi kwenye ubao wa swichi pale posta, vidude vya kusikilizia masikioni, akichomeka na kuchomoa nyaya.

"Wewe ni mtu wa wapi, Martina?"

"Nangulu, afande."

"Wazazi wako wako huko bado?"

"Baba yuko. Mama alishafariki."

"Unasikiliza simu za watu?"

"Hapana. Nikishaunganisha, navitoa hivi masikioni."

"Ile simu ya kubadilisha lori ilitoka wapi?"

"Ofisi ya chakula." Hakusita hata kidogo. "Taa iliyowaka ni ya ofisi ya chakula. Nikaunganisha na ghala."

Likwata alirudi kwa Laurenti. "Mchana ule ofisi yako ilikuwa na nani?"

Laurenti alitazama dirishani. "Haikuwa na mtu. Mimi nilikuwa mkutanoni. Ofisi ilikuwa imefungwa."

Hapo Likwata aliona njia nyeupe. Mwanamke, mzaliwa wa Nangulu, anayeweza kusikia kila neno la siri linapotajwa kwenye waya, na ambaye amesema uongo kuhusu ofisi iliyofungwa. Alimkamata Martina mchana huohuo. Gari la polisi halikuwa na petroli, kwa hiyo alimpeleka kwa miguu, amemtia pingu, wakakatisha sokoni katikati ya watu. Habari za Huseni zilikuwa zimekwisha enea. Mwanamke mmoja alimtemea Martina mate. Likwata aliona, akaendelea kutembea.

"Nimekwambia simu ilitoka ofisi ya chakula," Martina alisema alipokuwa anavua viatu mbele ya mlango wa mahabusu.

"Ofisi ilikuwa imefungwa."

"Nani kasema?"

"Mwenye ofisi."

Martina alimtazama sana. "Na mimi nimesemaje?"

Likwata alifunga mlango.

Siku zilipita na Martina hakubadilisha hata herufi moja ya maelezo yake. Jambo hilo lilimkera Likwata. Mtu mwongo husahau, huongeza, hupunguza. Akarudi ghalani, akamkuta Tawakali anafagia punje za mahindi ya njano zilizomwagika sakafuni na kuzitia kwenye kopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nisimulie ile simu tena. Neno kwa neno."

"Alisema hapa ofisi ya chakula, lori la Namtende liende Nangulu. Nikamwuliza neno. Akalitaja."

"Hapohapo?"

Fagio lilisimama.

"Mzee Tawakali. Kuna mwanamke yuko mahabusu."

Mzee aliketi juu ya gunia. Aliongea akiwa ameziba nusu ya uso kwa kiganja. "Hapohapo, hapana. Alikosea. Mara ya kwanza alisema 'Tomaso'. Nikamwambia silo. Akasema 'Chikopa'. Nikamwambia silo hilo. Amri ya Ndugu Laurenti ni kwamba akikosea mara moja tu nikate simu. Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka, afande, kama ya mwanangu. Nikamwambia, mama, tulia, kumbuka vizuri. Halafu akasema 'Valeria', taratibu sana. Nikamwambia ndilo."

"Kwa nini hukuyasema haya tangu mwanzo?"

"Nimwambie nani? Kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mwizi kujaribu tena, na Huseni akaja kufia mlangoni kwangu?"

Likwata alisimama pale na kofia mkononi. Martina, kama kweli angekuwa anadukiza simu za watu, angelisikia neno la wiki hiyo limetajwa tangu Jumatatu. Asingekuwa na haja ya kubahatisha. Aliyepiga simu hakulisikia neno popote. Alikuwa anajua tu mahali yanapotoka maneno: kichwani mwa Laurenti.

Angeweza kuuliza swali hili siku ya kwanza.

Nyumba ya Laurenti ilikuwa nyuma ya ofisi za wilaya. Mkewe, Cecilia, aliyejulikana mtaani kama Mama Agnes kwa jina la binti yake, alikuwa barazani akichambua mahindi kwenye ungo. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Likwata alikaa kwenye kigoda.

"Mama Agnes, Tomaso ni nani?"

"Baba mkwe wangu. Marehemu."

"Na Chikopa?"

Vidole vyake vilipungua mwendo. "Mbwa wa Laurenti, alipokuwa mtoto kule Rondo. Mpaka leo anamsimulia."

"Na Valeria?"

Cecilia aliweka ungo chini. Akajifunga kanga upya, kama mtu anayetaka kusafiri.

"Ni mtoto wetu wa kwanza," alisema. "Tulimzika kabla ya kuhamia Masoko. Hapa hakuna anayemjua."

"Ulipiga simu wewe."

"Nilipiga mimi."

"Kwa nini?"

"Mama yangu yuko Nangulu. Watu hapa wananijua kama mtoto wa misheni, ndiko nilikolelewa, lakini baba alipokufa mama alirudi kwao. Aliniletea salamu kwamba ming'oko, vile viazi vya porini, imekwisha, sasa wanachimba mizizi wasiyoijua jina. Nilimwomba Laurenti. Siombi lori, nilimwambia, waandike tu waangaliwe tena. Akasema watu watasema anawapendelea wakwe zake. Nikaomba tena. Akaniambia nisimtie aibu."

"Na maneno uliyapataje?"

"Kila wiki ikiisha alinitajia lile lililopita, tukiwa tunakula. Alikuwa anajisifu. Neno lililokufa halina madhara, ndivyo alivyosema. Moja lilikuwa jina la mama yake. Jingine jina la shamba lao. Nikajua yote anayatoa nyumbani. Siku ile nilimpelekea chakula ofisini, nikakuta ameitwa mkutanoni, ameacha mlango wazi. Simu ilikuwa mezani."

"Ulijua lori lile ni la watu wengine?"

"Nilijua." Aliinamia ungo. "Nilidhani wao watapakiliwa jingine kesho yake. Sikujua kwamba hakuna jingine. Huyo mzee aliyefia ghalani, afande, ameacha watoto?"

"Ameacha mke na wajukuu."

Cecilia alijifunika uso kwa kanga.

Laurenti aliingia uani wakati huo, mkoba mkononi. Alimwona Likwata, akamwona mkewe, akaukumbatia mkoba kifuani.

"Ulisema ofisi ilikuwa imefungwa," Likwata alisema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa imefungwa?"

"Hapana. Niliporudi mkutanoni nilikuta chakula mezani."

"Ulijua lini kwamba ni yeye?"

"Uliponiambia ni mwanamke na kwamba amelitaja neno. Masoko nzima ni sisi wawili tu tunaojua Valeria ni nani."

"Basi Martina?"

"Nilijiambia mtakosa ushahidi, mtamwachia."

"Ulituona tukipita sokoni?"

"Niliwaona." Sauti ilikuwa imeshuka hadi kusikika kwa shida. "Nilifunga dirisha. Niliona haya. Kumtaja mke wangu ilikuwa ni kumtaja mwizi. Na kumtaja mwizi ilikuwa ni kusema kwamba neno limetoka kinywani mwangu, kwenye sahani yangu, nami nimewaambia mpaka wakubwa wa mkoa kwamba mfumo huu hauvunjiki."

Cecilia alishusha kanga usoni. Hakumtazama inspekta. Alimtazama mumewe.

"Nilianza na baba yako," alisema. "Nikaja kwa mbwa wako. Hilo la tatu sikutaka kulisema. Tangu tulipomzika hujalitaja mbele yangu hata siku moja. Mimi nikilia unatoka nje. Nikadhani umemsahau, nikabaki kumlilia peke yangu. Yule mzee wa ghala akasema 'ndilo'. Kumbe ulikuwa unalitaja. Ulikuwa unamnong'oneza mtunza ghala."

Laurenti aliketi chini uani, na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kulia bila kujificha.

Likwata aliwapa muda. Kisha akawaambia kwa adabu kwamba inabidi waende kituoni wote wawili: mmoja kwa kughushi amri ya serikali, mwingine kwa kudanganya polisi katika upelelezi. Cecilia alikwenda kwa jirani kumwachia Agnes. Laurenti alinyoosha mikono mbele. Likwata hakumtia pingu, na papo hapo akajiuliza kwa nini, ilhali Martina alimtia.

Kituoni alikwenda mahabusu mwenyewe, hakumtuma koplo. Martina alikuwa ameegemea ukuta. Likwata alimweleza yote akiwa amesimama, akamaliza kwa kusema, "Dada, nisamehe."

"Nilikwambia simu ilitoka wapi?"

"Uliniambia."

"Ukasema nini?"

Likwata alisogea kando kumpisha mlangoni. Martina alivaa viatu vyake pale pale kizingitini, polepole, mguu mmoja kisha mwingine.

"Nitarudi kazini," alisema. "Ukiinua simu, nitakuunganisha unakotaka, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini barabarani, ukiniona, usinisalimie."

Akatoka. Likwata alimsikia akiwaamkia wazee waliokuwa wameketi nje ya kituo, na wazee wakichelewa kuitikia.