Oili Kwenye Kiwiko

Obure, jirani yangu hapa Silibwet, alijiundia mashine ya kupasulia kuni inayosukumwa na oili. Kama mimi, anaishi peke yake tangu azike mkewe.

"Mwalimu, baridi imegandisha oili. Nimeizimua na ya breki," aliniambia.

"Ya breki inakula mipira inayozuia oili, Obure. Kabari itajisukuma yenyewe, ikukate mkono."

"Wewe na vitabu vyako!"

Jioni hiyo ukungu ulitia giza bandani mwake. Alizima injini, akaingiza mkono kutoa gogo lililokwama. Oili ikatokota ndani ya tangi, kabari ikaguna, kisha mtu akamshika kiwiko na kumvuta nyuma. Kabari ikapita pale mkono ulipokuwa.

"Asante," alisema Obure. Alipogeuka, bandani hamkuwa na mtu.

Asubuhi aliniletea shati alilokuwa amevaa. Kwenye kiwiko kulikuwa na alama za oili za vidole vitano vyembamba, vya mwanamke. Nilizigusa. Bado zilikuwa na joto.