Wali wa Gi-tae

Wali wa Gi-tae uliliwa Jumanne, saa nane mchana, na Gi-tae mwenyewe alikuwa hajaonekana kwa miaka tisa.

Tangu askari walipowafyatulia vijana risasi katika mitaa ya mji wa Gwangju, naye asirudi wala mwili wake usipatikane, mama yake, Bi Ok-rye, alimwekea bakuli la wali kila siku chini ya blanketi, juu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini, usipoe, kama tunavyomwekea yeyote aliyechelewa. Jioni aliula mwenyewe. Safari hii bintiye, Seon-im, alifunua akakuta bakuli limelambwa, lina udongo mbichi.

"Mama, nani kala?"

"Kaka yako, nani mwingine?" Mama alicheka mpaka machozi. "Na wewe na harusi yako ya huko mbali Incheon, ungehama ukamkosa!"

Harusi ilikuwa Jumamosi. Lakini kila Seon-im alipofunga sanduku alilikuta wazi, nguo zimelowa, zinanuka kaburi, na chini ya blanketi, mahali pasipoenea hata paka, nyayo zikasikika zikitembea, zikasimama usawa wa alipo, zikageuka naye kila alipogeuka, mpaka akaogopa kuusogelea mlango.

Alhamisi alimleta mganga, Bi Heo. Mganga alinusa hewa kabla hajavua viatu.

"Huyu si wenu," alinong'ona. "Chakula kisicho na mwenyewe hakikosi mlaji. Simamisha kijiko kwenye wali, umwite mwanao kama tunavyowaita wafu. Wali ukipata mwenyewe, huyu atatoka."

"Kijiko cha wima ni cha marehemu," mama alisema. "Nani kakwambia mwanangu kafa? Ulimzika wewe?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sikatai. Ila mzazi huyu alikuwa na mtoto mwingine, mzima, mbele yake. Seon-im akachukua kijiko, akakichomeka wima.

"Kaka Gi-tae, ulikufa," alilia. "Tusamehe. Kula, uende."

Blanketi likatulia. Harufu ikakatika. Seon-im akavuta pumzi ya kwanza tangu Jumanne.

Bi Ok-rye akakichomoa kijiko, akakifuta kwa sketi yake, akaliinamia blanketi.

"Ngoja nikuongezee, mwanangu."

Mganga alitoka bila kuaga. Blanketi likainuka taratibu, na sauti ya Gi-tae, ileile, ikauliza kutoka chini:

"Na Seon-im je, anakaa?"

Mama hakumtazama bintiye.

"Anakaa," alisema.